Mbwa wa Mpangaji

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, maskani ya mbwa tangu jadi ni boma. Kuanzia vilima vya Kainam hata Dongobesh, katika nchi ya Wairaqw, na katika mbuga za Wadatoga zinazouzunguka mlima Hanang na ziwa la Bassotu, mbwa ana kazi inayojulikana na ujira unaojulikana: usiku huwalinda ndama na mbuzi wasitwaliwe na fisi, mchana hufuatana na watoto machungani, na malipo yake ni ukoko wa ugali, maziwa kidogo msimu wa neema, na mahali pa kujikunja penye joto, kwa kuwa baridi ya nyanda za juu za Mbulu huwapenya hata wenye manyoya. Hakuna amwulizaye mwenye boma kama ana ruhusa ya kufuga mbwa, na lau angeulizwa, angestaajabu.

Lakini si kila mtu wa wilaya hizi anaishi bomani tena. Haydom, palipokuwa pori kabla ya wamisionari wa Norway kufungua hospitali ya Kilutheri mwaka 1955, leo ni mji wenye maduka, stendi na vyumba vya kupangisha. Katesh, chini ya mlima Hanang, imejaa watumishi na wafanyabiashara. Dongobesh nayo imepata makao ya halmashauri, na halmashauri huja na makarani, na makarani hutafuta vyumba. Fauka ya hayo, wapo waliopoteza nyumba zao tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya themanini, wakapewa hifadhi kambini na kwa jamaa kabla ya serikali kuwajengea nyumba upande wa Waret. Nao walionja maisha ya kukaa mahali ambapo amri ya nyumba ni ya mwingine.

Wengi katika wapangaji hawa walizaliwa bomani, na mazoea ya boma hawakuyaacha huko. Muuguzi anayerudi zamu usiku, mwalimu aliyepanga nyumba ya pekee pembezoni mwa mji, mjane mwenye duka na mlango mmoja wa mbao, kila mmoja wao huona kwamba sauti ya mbwa uani ni sitara kuliko kufuli mbili. Basi huletewa kitoto cha mbwa kutoka kijijini, humwita Popi au Simba, humlisha uji wa dagaa, na baada ya miezi sita ana mlinzi. Kisha hutokea moja katika mambo yanayowapata wapangaji wote duniani: barua ya uhamisho hufika, au mwenye nyumba hupandisha kodi, au mwanawe huoa na kuitaka nyumba. Mpangaji hutafuta kwingine, hupata chumba na sebule katika ua wenye wapangaji sita, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo, na mama mwenye nyumba, akiisha kuhesabu kodi ya miezi sita, humwambia kwa upole usioacha nafasi ya hoja: “Mwanangu, karibu sana, ila mbwa hapana.”

Tusimwone mama huyu kuwa dhalimu. Ua wake una watoto wa watu sita, na mbwa mmoja akimng'ata mtoto mmoja, lawama haitakwenda kwa mpangaji peke yake. Pengine yeye ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na anajua kwamba mbwa hatambui mpaka kati ya sufuria ya bwana wake na sufuria ya jirani. Lakini dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo, na inasimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Pengine hana sababu nyingine ila kwamba mpangaji aliyepita alimwachia mbwa, na ndilo jambo ninalotaka kulisema kwa urefu.

Kwa upande wa sheria, mpangaji wa Tanzania hana pa kuegemea. Ile sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo neno kubwa ni mkataba, nao mkataba wa chumba cha Katesh aghalabu ni karatasi moja, au ni mdomo mtupu mbele ya shahidi. Kwingine hali ni tofauti: Ufaransa ilikwisha kuamua mwaka 1970 kwamba sharti la kumkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani ni batili, maadamu mnyama huyo haharibu mali wala hawasumbui majirani, na Uingereza ilipitisha mwaka 2025 sheria inayompa mpangaji haki ya kuomba kufuga mnyama, wala mwenye nyumba hawezi kukataa pasipo sababu ya maana. Sidhani kama sheria ya namna hiyo ingefaa kitu katika ua wa wapangaji sita. Iliyo yetu, na yenye kutosha kama ingefuatwa, ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumlisha, kumpa maji na makao, na kumtibu. Nami sioni jinsi wajibu huo unavyoweza kwisha kwa sababu gari la mizigo limefika mlangoni.

Na ni katika gari hilo ndipo makosa hutendeka. Hupakiwa alfajiri: kitanda kilichofunguliwa, godoro lililokunjwa, mtungi wa gesi, ndoo za vyombo, kuku watatu waliofungwa miguu. Mbwa huzunguka magurudumu akinusa kila kinachopanda, kwa maana kila kitu hapo kina harufu ya nyumba yake; wako ambao hupanda wenyewe, wakashushwa kwa fimbo. Gari likiondoka hulikimbiza hata barabara kuu, kisha hurudi, akalala kwenye kizingiti cha nyumba tupu. Baada ya siku mbili tatu mpangaji mpya huja na watoto wake, na mbwa, ambaye hajaambiwa kuwa mkataba umekwisha, humpokea kama mwizi. Hupigwa mawe. Huanza kulala jalalani na kushinda machinjioni, hujiunga na mbwa koko wengine, na kwa muda wa mwaka mmoja yule aliyekuwa Popi amekuwa mmoja wa wale ambao watu huomba mamlaka iwapige risasi au iwategee sumu. Wengine huona haya ya kumwacha mlangoni, wakamtia katika gunia na kwenda kumtupa mbali, ng'ambo ya bonde, kana kwamba umbali ni aina ya huruma.

Madhara ya jambo hili hayamfiki mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa inayomrudisha. Kinachofaa ni chanjo kabla, na baada ya kung'atwa ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hima hospitalini kuanza sindano. Wataalamu wanasema kwamba mji au kijiji kikichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Na kuua mbwa wazururaji, kunakopendwa na watu kwa sababu kunaonekana kwa macho, hakujapata kufanya kazi hiyo. Mbwa aliyeachwa hutoka katika hesabu ya wale saba, kwa kuwa hakuna wa kumshika mkono, tuseme, na kumpeleka kwa afisa mifugo siku ya chanjo. Wala wanyama wa porini hawasalimiki: mwaka 1994, huko Serengeti, distempa, maradhi yanayohusishwa na mbwa wa vijijini, iliua takriban theluthi ya simba, na nchi hizi za Mbulu haziko mbali na Ngorongoro.

Basi afanyeje mpangaji? Katika miji mikubwa angeambiwa apeleke mbwa katika nyumba ya hifadhi. London imekuwa nayo tangu mwaka 1860, alipoianzisha bibi mmoja jina lake Mary Tealby, ambaye watu walimcheka. Nairobi ina KSPCA, ambayo hupokea mbwa na kuwatafutia wenyewe wapya. Na upande wa Arusha, Usa River, kuna watu wanaofanya kazi hiyo chini ya jina la Mbwa wa Africa. Mtu wa Haydom hana nyumba kama hiyo karibu, na rai yangu, ambayo wapenzi wa wanyama wa mjini huenda wasiipende, ni kwamba haihitaji. Anacho kitu ambacho mtu wa Nairobi anakikosa, yaani maboma, mwendo wa saa moja kwa miguu, ambako fisi bado hulia usiku na mbwa mwenye sauti nzuri hutafutwa. Upungufu si wa mahali, ni wa utaratibu wa kumkabidhi.

Makabidhiano mema huanza miezi miwili au mitatu kabla ya kuhama, na huanza kwa kuuliza: fundi aliyejenga uzio, kijana aletaye maziwa, mwenyekiti wa kitongoji, afisa mifugo wa kata ambaye anajua boma gani limepoteza mbwa na boma gani huwapiga. Mwenye boma akija kumtazama, hakubali mara moja. Humwangalia mbwa meno, humshika makucha, hupiga kofi ghafla kuona kama atakimbia au atabweka, kisha huuliza.

“Mwalimu, huyu anakula kuku?”

“Hapana, mzee. Amekua nao.”

“Na mayai?”

Hapo mwalimu husita, na mzee hucheka. “Sema kweli tu. La mayai tutalishughulikia. La kuku ndilo hatuliwezi.”

Maswali haya ni ya haki, na majibu yake ni ya dhima. Kama vile mwuzaji wa ng'ombe anavyopaswa kuitaja aibu ya ng'ombe wake kabla ya kupokea fedha, ndivyo mtoa mbwa anavyopaswa kusema kwamba amewahi kumng'ata mpita njia, kwamba anaogopa radi, kwamba hajazoea mbuzi. Maana mbwa aliyepokewa kwa maelezo ya uongo hurudi barabarani kabla mwezi haujaandama. Na pamoja na maneno iende kadi ya chanjo, yenye tarehe, ili chanjo ya mwaka ifuatayo isipotee. Na kama hana kadi, achanjwe kwanza, akiwa bado mikononi mwa anayemjua.

Siku ya kumpeleka, apelekwe kwa miguu, jioni, na bwana wake mwenyewe, pamoja na kamba yake, bakuli lake na gunia alilokuwa akilalia. Bomani afungwe kwa kamba ndefu, mahali penye kivuli, si chini ya majuma mawili, alishwe na mkono uleule utakaomlisha daima, ambao mara nyingi ni wa mama wa nyumba au wa mtoto mmoja wa machungani. Akifunguliwa mapema atarudi mjini, nao watu hushangaa aliijuaje njia. Bwana wa zamani, hata akiwa na uchungu, asiende kumsalimu katika siku hizo. Huruma yake humchelewesha mbwa.

Kumpa mtu dume ni rahisi. Taabu ni jike, ambaye kila mwenye boma humkwepa, kwa kuwa hubeba mimba takriban siku 63 na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na wale watoto sita au wanane ndio chimbuko la mbwa koko wa mwaka ujao. Mpangaji anayejua kuwa nyumba si yake angefanya vyema kumpeleka jike wake kwa daktari wa mifugo wa wilaya afungwe kizazi angali mchanga. Gharama yake haifikii kodi ya miezi michache, na jike aliyefungwa hupata mpokezi kwa urahisi kama dume. Kwa mbwa mkali mno au mgonjwa asiyetibika, ambaye hakuna awezaye kumpokea pasipo hatari, dawa ya daktari wa mifugo ni ihsani kuliko sumu ya jalalani, na anayelazimika kuifikia asiombwe kuona haya.

Nawaomba wapangaji, kwa hiyo, wamwulize mwenye nyumba habari ya mbwa kabla ya kumleta mbwa. Na nawaomba wenye nyumba wa Mbulu, Haydom na Katesh walitaje sharti lao kabla ya kupokea kodi, si baada, na wampe anayehama mwezi mmoja wa kumtafutia mbwa wake boma.