Mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mbwa

Mahindi yakiota ukungu, wengi husema: haya tumpikie mbwa. Hilo ni kosa kubwa. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Ukisaga ukasonga ugali, sumu bado imo.

Mwaka 2004 huko Kitui, Makueni na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyowekwa kabla hayajakauka. Mbwa naye hudhurika upesi. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Eldoret na hata hapa Mombasa.

Mbwa aliyekula sumu hii hukataa chakula, hutapika, na macho na fizi huwa manjano. Mpeleke haraka kwa daktari wa mifugo. Kisha kagua unga wa nyumbani, maana huenda watoto wanakula gunia lile lile.

Kausha mahindi hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, uyaweke juu ya mbao, si sakafuni. Yaliyoota ukungu yafukie. Usimpe mbwa, wala kuku.