Mdalasini wa Uluguru, Sukari ya Kilombero: Namna Takwimu za Viwanda Nchini Zinavyolinganishwa na za Dunia

Mkulima wa Kinole au Matombo, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, anapobandua magome ya mdalasini na kuyaanika juani, kazi yake inahesabiwa kuwa ya kilimo. Magome hayo hayo yakishushwa Morogoro mjini, yakasagwa, yakatiwa kwenye pakiti na kupelekwa dukani, kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya kiwanda. Mpaka kati ya hatua hizo mbili haukuwekwa na mkoa wala na mtakwimu mmoja mmoja. Umewekwa na Uainishaji wa Kimataifa wa Shughuli za Kiuchumi, unaofahamika kwa kifupi kama ISIC, ambao Umoja wa Mataifa ulianza kuutumia mwaka 1948 na ambao umekuwa ukifanyiwa marekebisho tangu wakati huo.

Katika toleo la nne la uainishaji huo, lililochapishwa mwaka 2008, kilimo cha viungo kina namba 0128, na usagaji wa viungo umo katika namba 1079, chini ya utengenezaji wa vyakula. Toleo la tano liliidhinishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2023, na nchi zinahamia humo kwa hatua. Mwananchi anaweza kuona namba hizi kuwa jambo la makabati ya ofisi tu. Hata hivyo, pasipo namba hizo, inaposemwa kwamba viwanda vya Tanzania vimekua kuliko vya nchi fulani au vimebaki nyuma yake, hakuna awezaye kujua kama vitu vilivyolinganishwa ni vya aina moja.

Takwimu za viwanda nchini hukusanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na kwa upande wa Zanzibar na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 1994, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO), lenye makao yake makuu Vienna, limekuwa na jukumu la kupokea takwimu muhimu za viwanda kutoka nchi zisizo wanachama wa OECD, kuzihakiki na kuziweka katika jedwali moja la dunia. Kati ya dodoso linalojazwa Kihonda na jedwali la Vienna kuna maamuzi mengi, na mkoa wa Morogoro una mifano mizuri ya karibu kila uamuzi.

Mfano ulio mpana zaidi ni sukari. Viwanda vya Kilombero, huko Kidatu, na Mtibwa, huko Turiani wilayani Mvomero, vina mashamba yake ya miwa na pia hununua miwa ya wakulima wa nje. Kwa mwenye mali, shamba na kiwanda ni biashara moja na mara nyingi vitabu vya hesabu ni vya pamoja. Kwa mtakwimu, hizo ni shughuli mbili: kilimo cha miwa ni namba 0114 na utengenezaji wa sukari ni namba 1072. Iwapo kampuni itajaza idadi ya wafanyakazi wake wote bila kutenganisha, wakata miwa walioko mashambani watahesabiwa kuwa wafanyakazi wa kiwanda. Uzalishaji kwa kila mfanyakazi utaonekana mdogo mno ukiwekwa kando ya nchi ambayo viwanda vyake hununua miwa yote kutoka nje, ilhali mitambo inaweza kuwa inafanya kazi kwa ufanisi ule ule. Kwa sababu hiyo, kinachohesabiwa katika takwimu za viwanda ni eneo la uzalishaji lenye shughuli yake kuu, si kampuni nzima, na miwa inayotoka shamba la kampuni hukadiriwa bei kana kwamba imenunuliwa.

Sukari ina tatizo jingine, nalo ni la kalenda. Msimu wa kusaga miwa huanza katikati ya mwaka, masika yakishapita, na huweza kuvuka Desemba hadi mvua zinazofuata. Serikali nayo ina mwaka wake wa fedha unaoanza Julai, na kampuni nyingine hufunga hesabu katika miezi tofauti. Miongozo ya kimataifa inataka mwaka wa kalenda. Hivyo msimu mmoja hulazimika kugawanywa katika miaka miwili, la sivyo mavuno mema ya mwaka mmoja yatajitokeza kimataifa katika mwaka ambao wengine walikuwa na ukame.

Kuhusu tumbaku, maelezo ni mafupi: kuikausha majani shambani ni kilimo; kuondoa vikonyo na kuikausha upya kiwandani, kazi ambayo Morogoro inaijua kwa miaka mingi, ni uzalishaji wa viwandani.

Mashine ya kusaga mahindi, iliyopo karibu kila mtaa na kila kijiji kikubwa, ni mtego kwa asiyezoea. Mteja huja na debe lake la mahindi, hulipa ujira na kuondoka na unga wake. Mwenye mashine hakuuza unga, bali aliuza kazi ya kusaga. Kwa hiyo pato lake ni ule ujira, si thamani ya unga wote uliopita kwenye kinu. Kanuni hiyo hiyo hukifuata kiwanda kikubwa cha nguo kinachoshona kwa kitambaa kilicholetwa na mnunuzi wa nje. Kitambaa hicho kikihesabiwa kama mali ya kiwanda, pato la sekta litavimba kwa thamani ambayo haikuzalishwa nchini.

Baada ya kujua kinachohesabiwa, hubaki swali la bei. Chukulia mfuko wa sukari uliouzwa kwa shilingi 118,000, ikiwamo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kiwanda kilipata shilingi 100,000. Zilizobaki ni za Serikali. Nchi mbili zenye viwango tofauti vya kodi haziwezi kulinganishwa kwa bei ya dukani, na ndiyo maana inayotakiwa ni bei ya msingi, kabla ya kodi za bidhaa. Kutoka katika thamani hiyo huondolewa gharama za malighafi, nishati na huduma za viwandani ili kupata thamani iliyoongezwa. Hapa pana tofauti ambayo hata wasomaji makini wa ripoti huipita bila kuiona. Takwimu zitokanazo na sensa na tafiti za viwanda kwa kawaida haziondoi gharama kama bima, matangazo na kodi ya pango, ilhali hesabu za Pato la Taifa huziondoa. Namba mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana, na zote zikawa sahihi.

Hatua ya mwisho ni kubadili shilingi kuwa dola kwa wastani wa kiwango cha ubadilishaji wa mwaka mzima, na kuondoa athari ya mfumuko wa bei kwa kutumia mwaka wa kizio. Tanzania Bara ilihamia mwaka wa kizio 2015 mwezi Februari 2019, kutoka 2007.

Lililo gumu zaidi ni viwanda vidogo. Sensa ya Uzalishaji Viwandani yenye mwaka wa rejea 2013, iliyofuata ile ya 1989, ilikuta viwanda 49,243 Tanzania Bara. Kati ya hivyo, 41,919 vilikuwa na mtu mmoja hadi wanne, na vikubwa vilikuwa 247 tu. Utafiti wa kila mwaka huchukua viwanda vyenye watu kumi na zaidi. Msagaji wa viungo wa Morogoro mwenye vijana watatu hamo, ingawa jumla ya wenzake ni kubwa. Nchi jirani ikiweka kikomo cha chini zaidi, itaonekana ina viwanda vingi zaidi, na sehemu ya tofauti hiyo itakuwa imetokana na kikomo peke yake. Kwa hiyo kila jedwali linalotumwa nje hutakiwa kueleza kikomo kilichotumika na eneo lililohusika, Tanzania Bara au Jamhuri nzima.

Hesabu hizi ndizo zinazotumika kupima Lengo la 9 la Maendeleo Endelevu, linalotaka nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, ziongeze maradufu mchango wa viwanda ifikapo 2030. Mwekezaji anayechagua kati ya Morogoro na mji wa nchi nyingine husoma jedwali hilo hilo.

Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda siri ya taarifa za kila mtoa taarifa. Kinachotolewa hadharani ni jumla. Mmiliki wa kiwanda anayetaka dodoso lisimchukulie muda mrefu anaweza kuanza na mambo matatu katika vitabu vyake: kutenga wafanyakazi wa shambani na wa kiwandani, kutenga mauzo ya bidhaa zake na ujira wa kazi alizofanyia mali ya wateja, na kuandika mauzo bila kodi. Mambo hayo mtakwimu aliye ofisini hawezi kuyakadiria kwa usahihi.