Ukiuza Glasi, Umeuza Mvinyo

Msimu wa maonesho ukikaribia, Sabasaba kwanza kisha Nane Nane, wasindikaji wa zabibu huniletea swali lile lile: "Nikiuza glasi, mvinyo wenyewe nikautoa bure, bado nahitaji leseni ya vileo?" Unahitaji. Nimelijibu swali hili kwa simu, kwenye semina na mbele ya mabanda yenyewe, na bado watu wanarithishana ujanja huu utadhani umeandikwa kwenye sheria. Haumo, na unawaponza watu waliotoa jasho lao shambani.

Ujanja wenyewe uko hivi. Mezani kuna chupa zilizokwisha kufunguliwa na glasi ndogo zimepangwa safu. Kibao kinasema glasi ni shilingi 5,000. Mteja analipa, anashika glasi, inajazwa. Akija mkaguzi, muuzaji anajibu kwamba yeye ameuza chombo, kilichomo ni zawadi. Wengine badala ya glasi huweka kopo la jamu, pakiti ya zabibu kavu au kiingilio cha banda.

Sasa mpe mkaguzi nafasi ya kuuliza. Mteja akija na glasi yake kutoka nyumbani, utammiminia bila kumdai? Akimaliza akainyoosha ile glasi aliyoinunua, ya pili utampa bure? Glasi kama hiyo ipo Kariakoo kwa bei ndogo kuliko hiyo. Hizo shilingi zilizozidi zimelipia nini? Huhitaji wakili kuona jibu. Fedha imetoka mfukoni kwa ajili ya mvinyo, na isingetoka mvinyo usingemiminwa. Hayo ni mauzo, uyaite jina lolote upendalo.

Tena ujanja huu hauishii kutokusaidia, unakuongezea kosa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayotumika Tanzania Bara, inatofautisha kuuza kileo cha kwenda kunywewa kwingine na kuuza kileo cha kunywewa papo hapo. Hizo ni leseni mbili tofauti. Mwenye duka la chupa zilizofungwa ana ile ya kwanza. Akishazibua chupa na kumimina, amehamia kwenye ya pili, asiyokuwa nayo. Kwa hiyo hata yule mwenye leseni halali, kwa kufuata ushauri wa glasi, anajigeuza mvunja sheria kwa mikono yake mwenyewe.

Upande wa kodi ni vilevile. Ushuru wa bidhaa kwenye mvinyo hutozwa kwa lita, si kwa bei uliyouzia, kwa hiyo kuuita bure hakupunguzi hata senti. Na risiti ya EFD utaiandikaje? Ukiandika glasi, umetoa risiti ya uongo. Usipotoa kabisa, hilo ni kosa jingine. Nafuu ya ushuru inayopewa mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ni nafuu ya ushuru tu. Nimesikia watu Dodoma wakiitaja kana kwamba ni ruhusa ya kuuza popote. Si ruhusa.

Ninakasirika kwa sababu najua sheria hii inamlinda nani. Nenda viwanja vya Nzuguni siku za Nane Nane utazame mabasi ya shule yakishusha watoto. Wanapita banda kwa banda wamevaa sare, wanaonja kila kinachoonjeshwa: asali, maziwa, juisi ya zabibu. Banda la mvinyo linafuatana na hayo, na mvinyo mwekundu wa Makutupora kwenye kikombe cha plastiki hauna tofauti na juisi machoni pa mtoto wa miaka 12. Anayetoa leseni huuliza meza iko wapi, nani anamimina, maji ya kuoshea vyombo yapo, nani anazuia walio chini ya miaka 18. "Nauza glasi tu" ni namna ya kuyakimbia maswali hayo yote.

Dhana nyingine nazipitia haraka. Kulipia banda kwa mwandaaji, hata akiwa TanTrade, kunakupa mita za mraba, hakukupi leseni ya vileo. Leseni ya biashara ya mwaka mzima haichukui nafasi yake. Leseni ya vileo ya Dodoma inahusu mahali palipotajwa Dodoma. Viwanja vya Sabasaba viko Temeke, chini ya halmashauri nyingine. Na mvinyo kuitwa wa asili hakuufanyi uache kuwa kileo.

Ufanye nini basi? Kwanza chupa yenyewe: alama ya ubora ya TBS, kiwango cha kilevi kwenye lebo, stempu ya kielektroniki ya TRA, ambayo mnunuzi anaweza kuikagua kwa simu kupitia Hakiki Stempu. Msindikaji mdogo apitie SIDO apate barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS. Kisha uchague. Ukitaka kumimina kwa fedha, omba leseni ya muda kwa halmashauri yenye kiwanja. Ukitaka kuuza chupa zilizofungwa tu, omba ya namna hiyo na usizibue hata moja kwa mteja. Huna leseni ya pale? Onesha chupa, chukua oda, malipo na mzigo vipite kwenye duka lako lenye leseni. Au kubaliana na mgahawa wenye leseni ya vileo humo kiwanjani, uuze wao. Kuonjesha bure kweli, bila kununua chochote, si mauzo, lakini muulize kwanza mwandaaji kama anaruhusu, umweke mtu mzima mezani na ukague vitambulisho. Juisi, siki na zabibu kavu haziingii kwenye sheria hii kabisa.

Na ombi liende mapema. Kwa kawaida fomu hupita kwa mtendaji, kwa afisa afya na kwa polisi kabla ya kusainiwa, na hakuna kati yao anayelazimika kuharakisha kwa sababu lori lako limeshatoka Dodoma.