Kiti cha Babu Kisifanywe Kipya

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Tangu hapo mengi yamesemwa, na ni haki yasemwe, juu ya kuta za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Machache mno yamesemwa juu ya vitu vilivyomo nyuma ya milango hiyo: viti vya enzi, makasha yaliyopigiliwa misumari ya shaba, vitanda vya miguu ya kukerezwa, na makabati tuliyoachiwa na wazee wetu. Mlango ukiguswa, jirani huuliza. Kasha likipelekwa karakana hakuna aulizaye, na likirudi linang'aa kama sahani ya dukani, wenyewe hufurahi.

Furaha hiyo ndiyo inayotutia hofu. Kwa maoni yetu, samani za kale za mwambao huu zina adui mkubwa kuliko mchwa na hewa ya chumvi, naye ni yule mwenye mali amwambiaye seremala: "Fundi, kiwe kama kipya." Hatumlaumu fundi. Yeye analipwa kwa kung'arisha, naye hung'arisha kwa njia iliyo ya haraka: mashine ya msasa, kisha mikono mitatu ya vanishi. Mwenye kulaumiwa ni yule atoaye amri bila kujua anachokiamuru.

Yafaa basi kueleza kinachopotea. Rangi ile nzito ya mbao ya kale, iwe mvule, mbambakofi au msaji ambao wengi huuita mtiki, haimo ndani ya mbao. Imo juu kabisa, katika utando mwembamba uliojengwa na mwanga, moshi, nta na mikono ya watu kwa miaka mingi. Mashine ya msasa huuondoa utando huo kwa muda wa saa moja, wala hakuna vanishi iwezayo kuurudisha. Pamoja nao huondoka alama za patasi na randa ya mkono, na kingo za nakshi hulainika zikawa kama sabuni iliyotumika. Mnunuzi anayejua vitu vya kale hukipindua kiti kwanza akatazama chini yake. Akikuta juu kuna rangi moja na chini rangi nyingine, bei hushuka papo hapo.

Kazi ianze kwa kutazama, si kwa kushika chombo. Kitu kipigwe picha pande zote kabla hakijaguswa. Kisha kipanguswe vumbi kwa brashi laini, hasa ndani ya nakshi. Uchafu ulioganda uondolewe kwa kitambaa kilicholowekwa katika maji yenye sabuni kidogo na kukamuliwa sana, na mahali palipopanguswa pakaushwe mara moja. Tumekwisha kuona kasha likimwagiwa maji ya mpira uani na kusuguliwa kwa sabuni ya unga. Mbao zikavimba, na viungo vikaachia. Magadi na dawa kali za jinsi hiyo zisitumike kabisa, kwani hubadili rangi ya mbao nyingi zikawa nyeusi. Masizi na nta ya zamani huondoka vizuri kwa tapentaini. Mara nyingi, baada ya kusafisha tu, mwenye mali hugundua kwamba hakuna jingine la kufanya.

Iwapo bado anataka kuendelea, ni lazima ajue kwanza kitu kilipakwa nini. Majaribio hufanywa mahali pasipoonekana, kama vile nyuma ya mguu. Tone la spiriti likiufanya utando kuwa laini na wa kunata, hiyo ni shelaki, yaani utomvu wa vidudu uletwao kutoka Bara Hindi na kuyeyushwa katika spiriti. Spiriti ikishindwa na thina ikafaulu, basi ni rangi ya siku za karibuni. Vyote viwili vikishindwa, yaelekea ni mafuta yaliyokauka au vanishi ngumu. Shelaki iliyochakaa haihitaji kubanduliwa: kitambaa chenye spiriti kidogo kikipitishwa juu yake kwa wepesi, huyeyuka na kujisawazisha yenyewe. Hii ndiyo sababu mafundi wa zamani waliipenda. Kubandua kabisa ni shauri la mwisho, na kuwe kwa dawa na kipande cha mti butu, si kwa mashine. Palipo na rangi ya zamani kuna hatari nyingine, kwani rangi nyingi za kale zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Vumbi hilo lisipeperushwe ndani ya nyumba wala uani wanapocheza watoto.

Viungo vilivyolegea ni jambo la ustadi zaidi. Viti vyetu vya kale viliungwa kwa ulimi na tundu, na vingi vikakazwa kwa vigingi vya mbao. Msumari wa chuma ukipigwa hapo, mbao hupasuka, na katika hewa yetu ya bahari msumari wenyewe hushika kutu na kuacha doa jeusi. Kiungo kifunguliwe taratibu, gundi kuukuu ikwanguliwe, kisha kiungwe upya kwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Twaipendekeza gundi hii kwa sababu hulainika tena kwa joto na maji, hivyo fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kukifungua kiungo bila kukivunja. Gundi za kisasa za kuchanganya chupa mbili hazimpi nafasi hiyo. Asiye na jiriwa afunge kamba kukizunguka kiti na kuisokota kwa kijiti mpaka ikaze. Wazee walifanya hivyo, na kiungo kikashika.

Kiti cha enzi chataka uangalifu wake. Vipande vya mfupa au pembe vilivyopachikwa humo ni vyembamba, na maji huvibandua. Kilichobanduka kitunzwe katika bahasha hata kama ni kidogo kama ukucha. Kilichopotea kijazwe kwa mfupa wa ng'ombe. Mtu asitafute pembe ya ndovu: nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua mwaka 1989 kuipiga marufuku biashara yake ya kimataifa, na sheria za nchi zetu ni kali. Nyuzi za kusukwa za kiti zikikatika, zisitupwe, kwani ndizo zitakazomwonyesha msukaji mtindo wa kufuata.

Kwa makasha, shaba husumbua kuliko mbao. Dawa za kung'arishia shaba huacha ungaunga mweupe kuzunguka kila msumari, na ungaunga huo haung'oki kwa urahisi. Karatasi ngumu iliyotobolewa tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari huikinga mbao. Sisi twaona ni afadhali shaba iachwe na wekundu wake wa kizee.

Mbao iliyobunguliwa isihukumiwe upesi. Matundu matupu yaweza kuwa ya zamani. Lakini ungaunga mpya ukionekana chini ya kitu, wadudu wangali kazini. Kitu hicho kitengwe na vingine, kitiwe dawa ya mbao kwa bomba la sindano tundu baada ya tundu, nje penye hewa, kwa kufuata maelezo ya kibandiko. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huisifu, hutia doa na harufu isiyokwisha, na hakuna kitakachoshika juu yake.

Sasa kuhusu kumalizia. Akina mama wengi wamezoea kupaka mafuta ya nazi, na kwa siku mbili tatu mbao hupendeza kweli. Lakini mafuta ya nazi hayakauki. Hubaki yakinata, hukamata vumbi, na hatimaye hunuka. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hukauka, nayo yafaa kwa mbao iliyokauka sana, mradi yapakwe kidogo na ziada yote ifutwe. Hapa tunamsihi msomaji asisahau: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni chaweza kujipasha moto chenyewe hadi kuwaka, bila kiberiti wala cheche. Katika mitaa yenye mapaa ya makuti, si nyumba moja itakayoteketea. Kitambaa hicho kianikwe kikiwa wazi nje au kizamishwe katika ndoo ya maji.

Shelaki ipakwe nyembamba, mara nyingi, na isipakwe siku ya mvua, kwani unyevu huingia na kuacha ukungu mweupe. Majira ya kaskazi, hewa inapokauka, ndiyo yanayofaa. Haivumilii kikombe cha chai ya moto, hivyo meza ya kulia chakula haiifai.

Kwa vitu vingi vya kale, nta ya nyuki yatosha. Sehemu moja ya nta iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, chombo kiondolewe motoni na kuwekwa mbali, ndipo zitiwe sehemu tatu za tapentaini, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Ikipoa huwa laini kama samli. Ipakwe kwa kitambaa, iachwe kwa nusu saa, kisha isuguliwe kwa kitambaa kikavu cha pamba mpaka mkono ukipita usiache alama. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, na kiti kiwekwe mbali na dirisha lipigwalo na jua la alasiri.