Mguu Unaolia Baridi Kando ya Moto

Vitshumbi si mahali pa baridi. Kijiji hiki cha wavuvi kiko kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari. Anayeteremka kutoka Goma, ambako ni mita 1,500 hivi, huvua koti njiani. Kwa hiyo kijana mwenye ugonjwa wa sukari akilalamika usiku kwamba miguu yake ni barafu na inamuuma, nyumba nzima humshangaa. Mama anapapasa nyayo na kuzikuta zina joto. Kijana anaapa kwamba anakufa kwa baridi.

Wote wawili wanasema kweli. Sukari ikikaa juu damuni kwa miezi na miaka, huumiza mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayoshuka hadi vidole vya miguu, ndiyo hutangulia. Mshipa ulioumia hupeleka habari za uongo: baridi pasipo baridi, moto pasipo moto, siafu chini ya ngozi, au ganzi tupu. Wengi wetu tunadhani hayo ni ya wazee. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwakuta nayo vijana 8 hadi 9 katika kila 100 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wakiwa na miaka 18 hivi, tena katika nchi tajiri.

Kwetu Kivu maelezo mengine huwahi kufika mlangoni. Amekanyaga dawa aliyotegewa. Amelishwa sumu ya karuho. Siwalaumu wanaosema hivyo: mtoto anayekonda huku anakula, anayekunywa maji na kukojoa usiku kucha, kisha miguu ikaanza kumtesa, anafanana kabisa na mtu aliyefanyiwa kitu. Lakini tone moja la damu kidoleni, likipimwa sukari, hutoa jibu kwa sekunde chache, na kila wiki inayopita bila jibu hilo inaila mishipa yake.

Kinachonitia hofu kuliko yote ni mbabula. Mwenye baridi hukimbilia moto. Nani asingefanya hivyo? Kijana anasogeza nyayo kwenye makaa, au anazitumbukiza kwenye beseni la maji yaliyotoka kuchemka. Mguu uleule unaolia baridi huenda hausikii tena moto. Ngozi inaungua naye hashtuki, malengelenge anayaona asubuhi, na kidonda cha mwenye sukari iliyo juu hakina haraka ya kupona. Soksi kavu na blanketi vinatosha. Maji ya kunawa yapimwe kwanza na mtu mwingine, kwa kiwiko. Na ufukweni, ambako samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa, na miiba na ndoana zimelala mchangani, asitembee pekupeku.

Kipo kipimo cha kujua kama mguu bado unasikia, kisichohitaji chombo chochote. Kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011. Kijana anafumba macho. Mwenzake anamgusa kwa ncha ya kidole, wepesi kama unyoya, sekunde moja au mbili bila kubonyeza: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Miguso 6. Akikosa kuisikia 2 au zaidi, munganga amwone upesi. Hata akiisikia yote, maumivu yenyewe ni sababu tosha ya kwenda, maana upungufu wa damu nao unaweza kuleta baridi ya miguu.

Dawa ya mguu, hata hivyo, huanzia mbali na mguu. Ni insulini. Leonard Thompson wa Toronto, mgonjwa wa kwanza kuchomwa dawa hiyo, Januari 1922, alikuwa bado mvulana. Miaka zaidi ya 100 baadaye, kijana wa rika lake kando ya ziwa letu bado anaisubiri ipite zaidi ya kilomita 100 za barabara ya vita kutoka Goma, mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa Januari 2025. Ikifika, jokofu hakuna. Hapo kuna habari njema: utafiti uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 haikupoteza nguvu. Chungu cha udongo kinacholoweshwa, kikiwekwa kivulini, husaidia kuiweka insulini iliyo ndani yake kwenye joto hilo.

Jambo moja ningependa kila mzazi alijue kabla halijampata. Aliyekosa insulini muda mrefu, kisha akaipata na sukari ikashuka kwa kasi, anaweza kuumwa miguu vibaya zaidi ndani ya wiki chache. Atasema sindano ndiyo inayomuua, na majirani watamwunga mkono. Asiiache. Munganga anaweza kurekebisha dozi na kumpa dawa ya kutuliza mishipa. Maumivu hayo kwa kawaida hupungua, ingawa huchukua miezi.

Usiku, basi, kabla taa haijazimwa: macho yamefumbwa, dada anagusa, kaka anajibu, kulia, kulia, kulia, kushoto. Asubuhi mama anavikung'uta viatu vyake mlangoni, na mwiba wa samaki unadondoka.