Fitolithi, kijiwe kinachoikumbuka Kilwa ya makuti

Je, wajua kwamba kuti la mnazi likioza likaisha kabisa, huacha mawe? Macho matupu hayawezi kuyaona, kwa sababu mengi hayafiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Wanasayansi huyaita fitolithi, na katika pwani ya Kilwa na Lindi hakuna shahidi ninayemthamini kuliko huyu.

Mawe hayo huanzia kwenye maji. Mizizi ikinyonya maji ardhini, hunyonya pamoja nayo silika iliyoyeyuka, yaani madini yale yale ya mchanga na kioo. Maji yakipaa kupitia majani, silika hubaki nyuma. Huganda katika seli na kuta zake, ikachukua umbo la seli kama saruji ndani ya kalibu. Mmea unapata faida: jani husimama imara na wadudu hutaabika kulitafuna. Mpunga ndio bingwa wa kazi hii. Mwaka 2006 watafiti wa Japani wakiongozwa na Jian Feng Ma walitambua jeni, Lsi1, inayoiwezesha mizizi ya mpunga kuvuta silika. Choma makapi yake, na zaidi ya asilimia 80 ya majivu itakuwa silika.

Mmea hufa, seli zikaoza, kijiwe kikabaki kwenye udongo na umbo lake. Mnazi, mkoche na mkindu hutoa vijiwe vya duara vilivyojaa miiba. Nyasi za jamii ya mtama na uwele hutoa vyenye umbo la namba 8. Ganda la punje ya mpunga hutoa chenye ncha mbili zilizochomoza, na jani lake hutoa kingine kilichotanuka upande mmoja.

Sasa tuje Kilwa. Mgeni anayeshuka Kilwa Kisiwani huoneshwa Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, akaondoka akiamini kwamba mji ule ulikuwa wa mawe tu. Lakini msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alisimulia nyumba za mbao zilizoezekwa kwa matete. Kwa maoni yangu, hilo ndilo pengo kubwa katika historia yetu ya pwani: tunawajua waliojenga kwa matumbawe na chokaa, na tunawasahau waliosimamisha miti, wakafunga fito, wakakandika udongo na kuezeka makuti. Nyumba zao hazikuacha gofu. Ziliacha vijiwe.

Kisiwa cha jirani, Songo Mnara, ndiko mbinu ya kusoma vijiwe hivi ilikojaribiwa kwa dhati. Mji huo ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza kuongoza uchimbaji wao huko mwaka 2009, na mwaka 2012 Federica Sulas na Marco Madella walichapisha utafiti wa udongo na fitolithi za mji huo.

Kazi yenyewe huenda kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukata bonge la sakafu bila kulivuruga, kulilowesha kwa gundi inayogeuka ngumu, kisha kulisaga hadi kibaki kipande chenye unene wa maikromita 30 hivi, ambacho mwanga unakipenya. Chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, chembe za mchanga hung'aa na fitolithi huwa nyeusi, kwa hiyo mtafiti huona kila kijiwe mahali pale pale kilipoangukia. Njia ya pili huvitoa vijiwe udongoni. Asidi huondoa chokaa, joto au kemikali huondoa mabaki ya viumbe, kisha udongo hutiwa katika kimiminika kizito. Mchanga huzama, fitolithi huelea. Hapo huhesabiwa kijiwe kimoja kimoja, mara nyingi 200 au 300 kwa kila sampuli.

Siku hizi hadubini za leza huvipiga picha vijiwe tabaka kwa tabaka hadi umbo zima lionekane pande zote, na programu za kompyuta zinafunzwa kuvitambua.

Uzuri wa fitolithi ni kwamba haihitaji moto ili idumu udongoni. Huko Pemba, mtafiti Sarah Walshaw alionesha kuwa baada ya karne ya 11 wakazi waliegemea zaidi mpunga kuliko nafaka zao za awali, lakini alitegemea punje zilizoungua. Mkeka hauungui kila siku. Paa huoza polepole.

Kuna mipaka. Silika huyeyuka katika udongo wenye chokaa kali, na visiwa hivi ni vya matumbawe. Mikoko inayotoa boriti huacha vijiwe vichache mno. Tena minazi na mikindu hufanana kwa miiba yao, hivyo ukubwa hupimwa kwa makini, na hata hivyo kutambua aina halisi si rahisi.

Ndiyo maana kunahitajika akiba ya kulinganishia: majani ya mimea ya pwani hii yaliyokusanywa kwa jina, yakachomwa na kupigwa picha, kuanzia ukindu wa mikeka hadi mtama wa mashamba ya Lindi. Wasusi na wakulima wanaoyajua majani hayo wapo, na wangepaswa kuwa wa kwanza kuitwa maabara.