Mlembe na mrina asali: Funzo la ushirikiano kutoka nyika za kaskazini

WAHENGA walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ukweli wa usemi huo hudhihirika katika nyika za kaskazini mwa Kenya, ambako Waborana, jamii inayoishi Isiolo na Marsabit, wamezoea kutafuta asali wakisaidiwa na ndege mdogo aitwaye mlembe.

Mlembe hula nta na mabuu ya nyuki, na hujua vyema yaliko makao ya nyuki wa mwituni. Tatizo lake ni kwamba nyuki hujificha ndani ya mashina ya miti, nyufa za miamba na vichuguu, mahali asipoweza kupenya. Binadamu naye ana shoka la kupasulia na moshi wa kutuliza nyuki, ila hajui pa kuanzia.

Ndipo wawili hao huitana. Mrina hupiga mbinja iitwayo fuulido kwa kupuliza viganja vilivyokutanishwa, kombe la konokono au kokwa la mkoma lililotobolewa. Sauti hiyo husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja. Mlembe akiitika, huruka kutoka mti hadi mti huku akilia bila kukoma, na kadiri wanavyokaribia nyuki ndivyo anavyotua karibu karibu na chini zaidi. Mrina akiisha kutwaa asali, ndege hula nta na mabuu yaliyosalia.

Manufaa yake yamepimwa. Mwaka wa 1989, watafiti Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa Waborana katika jarida la Science. Waligundua kuwa mrina asiye na kiongozi alitumia wastani wa saa 8.9 kupata makao ya nyuki, ilhali aliyeongozwa na mlembe alitumia saa 3.2. Kwa upande wa ndege, asilimia 96 ya makao hayo yasingefikiwa bila binadamu kuyafungua.

Tunajifunza nini? Kwanza, ushirikiano hauhitaji watu wanaofanana, bali kila mmoja alete asichokuwa nacho mwenzake. Pili, lazima pawe na ishara ambazo pande zote huzielewa. Tatu, kila mshirika apate fungu lake. Katika maeneo ambako watu wameacha kurina asali ya mwituni, desturi ya mlembe ya kuwaongoza imefifia, kwa kuwa hakuna anayemwitikia.

Funzo hili lina uzito Isiolo, ambako malisho na maji havitoshi kila mtu kujifanyia apendavyo. Waborana wana baraza la wazee liitwalo dedha, ambalo hutenga malisho ya masika, ya kiangazi na yale ya akiba kwa ajili ya ukame. Mfugaji anayeingiza ng'ombe katika akiba kabla ya wakati hujinufaisha leo, lakini huwanyima wenzake, na yeye mwenyewe, pa kukimbilia mvua zikikosa kunyesha, kama zilivyokosa kwa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022.

Mkataba wa mlembe na mrina haukuandikwa popote. Hudumu kwa sababu kila upande hutimiza wajibu wake, na hufa pale upande mmoja unapouacha. Mikataba ya malisho na maji haina siri nyingine.